Samaki Hasubiri: Utandawazi Ukitazamwa kutoka Mwaloni

Sangara akishapita kwenye kisu cha kiwandani hapa Mwanza, hawi tena samaki mmoja. Minofu yake inapozwa au kugandishwa, inafungwa kwenye maboksi na kuanza safari ya Ulaya, Mashariki ya Kati na kwingineko. Bondo, ule mfuko wa hewa ulio tumboni mwake, linakaushwa na kuelekea Hong Kong na China bara, ambako ni supu ya watu wenye nazo. Kinachobaki ni kichwa, mifupa na vinyama vilivyong'ang'ania mifupani. Hilo ndilo panki, na panki halina pasipoti. Linakaangwa hapahapa, kwenye makarai meusi ya uswahilini, na mtoto analipeleka nyumbani limefungwa kwenye gazeti.

Naanza na kisu kwa sababu neno lenyewe, utandawazi, limechoka. Wengi wetu tulilipata shuleni: faida tano, hasara tano, dunia imekuwa kijiji, kusanya karatasi. Nilipata alama zangu na sikuelewa kitu. Kijiji gani hicho ambacho nyumba moja inakula mnofu kila siku na ya pili inatafuna kichwa? (Ingawa, tuseme ukweli, vijiji vya hivyo vipo.) Suala la uzuri na ubaya niliacha kwenye karatasi ya mtihani. Linalonisumbua nikipita mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, ni jingine: katika mnyororo unaoanzia kwenye mtumbwi karibu na Ukerewe na kuishia kwenye sahani ya mtu Ulaya, kwa nini aliyemtoa samaki majini kwa mikono yake ndiye mwenye sauti ndogo kuliko wote kwenye bei?

Jibu langu ni fupi, na yote yanayofuata ni kulifafanua. Yeye hawezi kusubiri. Wenzake wote wanaweza.

Tuanze na samaki mwenyewe. Sangara ni mgeni kwetu. Aliletwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, kupitia upande wa Uganda, akitokea maji ya Ziwa Albert. Hoja ilikuwa kwamba ziwa limejaa visamaki visivyo na faida, na anatakiwa samaki mkubwa wa kuvila na kuvigeuza nyama ya kuuzwa. Visamaki hivyo ndio furu. Wataalamu wanahesabu zaidi ya aina 500 za furu katika ziwa hili, nyingi zikiwa hazipatikani mahali pengine popote duniani. Sangara akala. Alipofurika katika miaka ya 1980, furu wakaporomoka, na makadirio ya aina zilizopotea yanafika 200.

Na sato je? Kaa kwenye mgahawa wowote wa ufukweni, agiza samaki wa asili, utaletewa sato na ugali, na hakuna atakayeona ajabu. Sato naye aliletwa, miaka hiyohiyo ya 1950. Samaki wa babu zetu alikuwa ngege, na ngege alikuwa ameanza kupungua kabla sangara hajaonekana, kwa sababu ya nyavu. Nyavu za kitani zilifika upande wa Kavirondo, Kenya, mwaka 1905, miaka michache baada ya reli kufika Kisumu mwaka 1901. Kabla ya reli, mvuvi hakuwa na sababu ya kuvua kuliko kijiji kinavyoweza kula na kubadilishana. Reli ilipoleta soko, nyavu zikafuata, na baada ya Vita Kuu ya Pili zikaja za nailoni, ambazo hazikuozea majini kama za kitani. Anayesema utandawazi umekuja na simu za mkononi amechelewa kuamka.

Upande wetu reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na mzigo wake mkubwa ulikuwa pamba. Hapa nitapita haraka, lakini kuna jambo moja la kuokota. Bei ya pamba ya Msukuma ilikuwa ikiamuliwa na masoko ya mbali, na mkulima aliyevuna alikuwa na madeni ya msimu, kwa hiyo aliuza siku ileile, kwa mizani ya mnunuzi, kwa bei ya mnunuzi. Vyama vya ushirika vilizaliwa kwenye mizani hiyo. Mwaka 1955 vyama vya Kanda ya Ziwa viliungana chini ya muungano mmoja mkubwa, Paul Bomani akiwa mmoja wa viongozi wake. Watu wanavikumbuka kwa siasa na uhuru. Mimi navikumbuka kwa maghala. Mwenye ghala anaweza kumwambia mnunuzi: rudi wiki ijayo. Mwaka 1976 serikali ikavivunja vyama vikuu vya ushirika, na hata viliporudi miaka ya 1980, havikurudi na nguvu ileile.

Sasa weka mambo mawili pamoja. Sangara anafurika ziwani katika miaka ya 1980. Wakati huohuo, mwaka 1986, Tanzania inakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa na kuanza kulegeza biashara. Ni enzi za Mzee Ruksa, Rais Ali Hassan Mwinyi. Samaki mkubwa, mwenye mnofu mweupe usio na miiba, anakutana na mlango uliofunguliwa. Mabepari waliokuwa hawaijui Mwanza wakaijua. Viwanda vya minofu vikaota kando ya ziwa, kuanzia upande wa Kenya, kisha Uganda na kwetu. Lingekuja peke yake lolote kati ya mawili haya, historia ya mji huu ingekuwa nyingine.

Wazee wanasimulia kwamba mwanzoni watu hawakumpenda. Ana mafuta mengi; ukimwanika juani hakauki kama furu au ngege, anachuruzika. Inabidi umkaange au umfukize, na hiyo ni kuni, na kuni ni miti ya visiwani. Walioumizwa na badiliko hili mapema kuliko wengine walikuwa wanawake. Kazi ya kukausha na kuuza samaki ilikuwa yao. Kiwanda kilipoanza kununua samaki mbichi kwa boti na magari yenye barafu, biashara ikahamia kwa mwenye mtaji wa barafu, na mara nyingi huyo alikuwa mwanaume. Wanawake wengi wakasogezwa kwenye mapanki na dagaa. Uchumi wa taifa ulihesabu dola za minofu, na hakuna safu iliyoandikwa "aliyeondolewa mezani".

Barafu. Ukitaka kuelewa bei ya sangara, tazama barafu iko mikononi mwa nani.

Mvuvi anarudi alfajiri na samaki ambaye, kwa jua la hapa, ana saa chache tu kabla hajaanza kupoteza thamani. Kambi nyingi za visiwani hazina umeme wa uhakika wala chumba cha baridi. Boti yenye barafu inayokuja kukusanya ni ya wakala, na wakala anauza kiwandani. Kama ni boti moja tu asubuhi ile, kuna bei moja tu. Isitoshe, mara nyingi nyavu ulizovulia, injini uliyofunga kwenye mtumbwi, hata petroli ya usiku uliopita, vimetoka kwa wakala huyohuyo au kwa tajiri, yaani mwenye mitumbwi, anayemuuzia wakala. Huo ni mkopo, lakini riba yake haikuandikwa popote. Imo kwenye bei: samaki wako unamletea yeye, kwa kilo anavyosema yeye. Sitaki kumfanya wakala kuwa shetani. Naye ana deni kiwandani, na boti zake zinazama kama za wengine. Ila ana barafu.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme mnunuzi wa Ulaya anapunguza euro moja kwa kila kilo ya minofu, kwa sababu kule kuna samaki wa kufugwa kutoka Vietnam wa bei nafuu. Kilo moja ya sangara mzima haitoi hata nusu kilo ya minofu, kwa hiyo pungufu hilo, likigeuzwa kuwa samaki mzima, ni chini ya nusu euro kwa kilo. Nani atalibeba? Kiwanda kina bili ya umeme, mishahara, maboksi na nauli ya ndege, hivyo haviguswi. Kinashusha bei kwa wakala. Wakala ana mafuta ya boti na barafu. Anashusha kwa tajiri. Tajiri anakatwa, anapunguza mgawo wa wavuvi wake. Mvuvi hana wa kumshushia. Chini yake kuna ziwa tu, basi analisukumia ziwa: anaongeza usiku wa kuvua, anatafuta nyavu za macho madogo, anachukua sangara asiyefika sentimita 50 ambaye sheria inamkataza. Kisha serikali inakuja kuchoma nyavu, kama ilivyofanya kwa kishindo katika Operesheni Sangara ya mwaka 2018. Nyavu haramu zinaua ziwa, hilo sina ubishi nalo. Lakini jicho la wavu lilipungua kwa sababu, na sehemu ya sababu hiyo haikuwepo mwaloni siku ya moto.

Mwaka 2020 mnyororo huu ulionekana uchi. Kabla hata ugonjwa wa Uviko haujazungumzwa sana mitaani kwetu, bei ya mabondo ilikuwa imeshaanguka, kwa sababu China ilikuwa imejifungia na hakuna sherehe wala supu. Miezi michache baadaye ndege zikapungua angani na migahawa ya Ulaya ikafungwa. Sangara naye akashuka. Mvuvi wa kisiwani ambaye hajawahi kukanyaga Dar es Salaam aliumwa na ugonjwa wa Wuhan bila kupata homa. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vikapandisha mafuta duniani, na petroli ya injini ya boti ikapanda nayo. Mara ya kwanza alibanwa kwenye bei ya kuuzia, mara ya pili kwenye gharama ya kuvulia. Kote kuwili hakuna aliyemuuliza.

Bei ni uzi mmoja. Uzi mwingine ni kanuni, na hapa naona mambo kwa namna ambayo baadhi ya rafiki zangu hawaipendi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja: kwanza kwa hofu ya bakteria na kipindupindu, kisha mwaka 1999 kwa habari za watu kuvua kwa sumu. Viwanda vilisimama, vibarua wakarudi nyumbani, bei mialoni ikafa. Kulikuwa na uonevu ndani yake; katika suala la kipindupindu, mashirika ya Umoja wa Mataifa yenyewe yalisema hatari ya kuambukizwa kupitia samaki waliosafirishwa ilikuwa ndogo. Lakini baada ya hapo mialo ikaanza kujengwa sakafu, maji safi yakazungumzwa, na Nyegezi leo ina maabara ya taifa ya kudhibiti ubora wa samaki. Kanuni iliyoandikwa Brussels imetuachia kitu cha kudumu. Swali ninalobaki nalo ni dogo na la kijirani: kama sumu ilikuwa majini, sisi tulikuwa tukinywa na kula kwanza, kabla ya Mhispania. Kwa nini ilibidi yeye ndiye akatae?

Kuna mgeni mwingine ambaye hakuomba kibali wala hakuzuiwa na kanuni yoyote: gugu maji. Asili yake ni Amerika ya Kusini, watu wakalibeba duniani kwa uzuri wa ua lake, na kwenye miaka ya 1980 ikiishia likateremka na Mto Kagera hadi ziwani. Lilifunga bandari na mialo. Dawa iliyosaidia sana ilikuwa mbawakavu wadogo wanaolila, nao asili yao ni hukohuko Amerika ya Kusini. Tuliingiza tatizo, tukaingiza na suluhisho. Bado linarudi rudi.

Nirudi kwa bondo, kwa kuwa linanisaidia kueleza. Bondo ni sehemu ya samaki yuleyule, limetoka kwenye mtumbwi uleule, lakini biashara yake ina tabia nyingine. Likikauka ni jepesi, haliozi, linakaa. Mtu anaweza kukusanya kidogo kidogo, akalinganisha wanunuzi wawili, akapiga simu, akalala nalo akitafakari. Ndiyo maana mji umejaa vijana wa mabondo, na ndiyo maana kwa samaki mkubwa kile kimfuko kimoja kinaweza kuzidi thamani ya mwili wote. Si kwamba Wachina ni wakarimu kuliko Wazungu. Kitu kikavu kinampa muuzaji usiku mmoja wa kufikiri.

Na dagaa ni hivyohivyo, ila mara elfu.

Kwenye mazungumzo ya utandawazi dagaa hatajwi, labda kwa kuwa hapandi ndege. Nenda Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, uone. Magunia yamepangwa hadi mtu anapotea katikati yake. Malori yanaondoka kuelekea Kongo, Rwanda, Burundi, Zambia na mbali zaidi. Utasikia Kiswahili cha Lubumbashi kikibishana na Kiswahili cha Kisukuma, kila kimoja kikiamini ndicho sanifu, na katikati Kifaransa kinachomoza bei inapokuwa chungu. Hakuna mkutano wa mawaziri uliounda soko hili. Limeundwa na wachuuzi, wengi wao akina mama, kwa kukopeshana, kuaminiana na kudhulumiana, miaka nenda miaka rudi. Mimi huuita huu nao utandawazi, na kwa lishe nadhani unafanya kazi kubwa kuliko ule wa minofu: dagaa anaishia kwenye sufuria za watu wa kipato cha chini, akiwa na mifupa na kichwa chake, mzima.

Msidhani umejitenga na dunia, lakini. Dagaa anavuliwa wakati wa giza, siku ambazo mwezi haupo, kwa kuvutwa na mwanga. Zamani ilikuwa karabai na mafuta ya taa. Leo ni taa za betri na sola, nyingi zikiwa zimetengenezwa China. Nyavu ni za kiwandani, injini za Japani. Hata kipimo ambacho mama anakupimia sokoni, sado, jina lake ni kopo la rangi ya Sadolin, kampuni iliyoanzia Denmark. Watu wamelichukua kopo, wakalitoa rangi, wakalifanya mizani ya Kitanzania. Nikisikia mtu analalamika kwamba utamaduni wetu unamezwa, huwa namkumbuka sado. Kumeza kunakwenda pande zote mbili. Mji huu una mtaa unaoitwa Capri Point na mwamba majini unaoitwa Bismarck, na sijawahi kukutana na mtu aliyejihisi Mwitaliano au Mjerumani kwa ajili hiyo. Mlango Mmoja wanauza mitumba ya Ulaya na Marekani, na fundi wa pembeni anaibana suruali hadi mwenyewe wa kwanza asingeitambua. Hasara ya kweli ya mitumba iko kwingine, kwa viwanda vya nguo vilivyoishiwa soko katikati ya eneo linalolima pamba, pamba ambayo kwa sehemu kubwa inasafirishwa ikiwa marobota.

Kwa nini basi akina mama wa dagaa nao si matajiri, kama kikavu kinasubiri? Kwa sababu ya mvua.

Dagaa wengi bado wanaanikwa chini, juu ya mchanga au kwenye mawe. Vichanja vya kuanikia, vile vya miti na wavu vilivyoinuliwa kutoka ardhini, vimehimizwa kwa miaka sasa, na vinasaidia: dagaa anakauka haraka, hana mchanga, anapata bei nzuri. Lakini mwalo mmoja una vichanja kumi na kina mama mia moja. Masika yakija, dagaa wa chini analowa, anachacha, na asiyeliwa na mtu anakwenda kuwa chakula cha kuku. Samaki yuleyule, bei nyingine kabisa.

Masika moja nilikuwa kwenye mwalo mdogo kaskazini mwa mji. Saa nne asubuhi dagaa walikuwa wametandazwa hadi karibu na maji, wakimeta kama bati jipya. Mnunuzi alikuwa amekaa kwenye kibanda cha mama lishe, simu mbili mezani.

"Kaka, chukua tu kwa ile bei ya asubuhi," mama mmoja alimwambia. "Hata gunia mbili."

"Mama, nimekusikia. Ngoja kwanza."

Upande wa Ukerewe wingu lilikuwa limeanza kusimama, jeusi chini, na upepo ukabadilika. Wanawake wakaanza kukimbia na maturubai na makanga. Mnunuzi alilitazama wingu, akageuza kikombe chake, akamwomba mama lishe chai nyingine.